Uchambuzi wa kisa: mpungate uliokatwa ukaongezeka kwenye ranchi moja ya Laikipia

Kisa hiki kinatoka kwenye ranchi ya binafsi ya ng'ombe na wanyamapori katika Kaunti ya Laikipia, Kenya. Jina la ranchi, la shirika la ng'ambo lililowaleta wageni na ya watu wote waliohusika yameondolewa, na alama za mahali zimebadilishwa. Kimeandikwa hasa kwa mameneja na waratibu wanaopokea wageni wa kujitolea, ingawa anayepanga kusafiri kwenda kujitolea naye atapata humu maswali ya kuuliza kabla hajalipa ada.

## Mazingira ya kisa

Ranchi nyingi za Laikipia hulisha ng'ombe na wanyamapori kwenye malisho yale yale. Kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, pundamilia au twiga hamletei mwenye ranchi fedha isipokuwa kupitia watalii, watafiti, au wageni wanaolipa ili waje kufanya kazi. Ranchi hii haikuwa na hoteli, ikategemea kundi hilo la mwisho. Shirika la ng'ambo liliwatafuta wageni, likawatoza ada, kisha likaipelekea ranchi fungu lililotosha chakula, malazi na mafuta ya gari. Vifaa na vibarua havikuwamo kwenye hesabu.

Tatizo kubwa la malisho lilikuwa mpungate, ambao wenyeji wengi huuita tu opuntia. Ni kaktasi, mmea wa miiba wa Amerika ulioletwa enzi za ukoloni, na sasa umetanda sehemu kubwa ya Laikipia kaskazini, hasa upande wa Doldol, ambako nyasi zimeliwa hadi udongo ukabaki wazi. Aina mbili zinasumbua zaidi, Opuntia stricta na Opuntia engelmannii. Mbuzi na ng'ombe wenye njaa hula matunda pamoja na miiba yake midogo kama nywele, nayo huwachoma midomo, ulimi, macho na utumbo. Ndovu na nyani hupenda matunda hayo kupita kiasi, na kila penye kinyesi chao mbegu huota.

## Kazi ilivyochaguliwa

Wageni walikuwa 6, wote kutoka Ulaya, kwa wiki 4 za Februari na Machi. Hakuna aliyewahi kufanya kazi ya shamba. Mratibu alikuwa na kazi nne mezani. Fensi ya umeme ilikataliwa na fundi wake, kwa sababu waya mmoja ukigusa nguzo ya chuma au nyasi mbichi huvuja umeme, na kilomita nzima hubaki bila nguvu hadi kosa lipatikane. Kuogesha ng'ombe kulikataliwa kwa sababu ya mateke na dawa ya kupe. Kamera za kunasa picha za wanyama zilihitaji watu wawili tu. Ikabaki kukata mpungate: kila mtu angeifanya, ilichosha, na matokeo yangeonekana kwenye picha jioni ileile.

Lengo lililoandikwa lilikuwa kusafisha ekari 2 kando ya laga, yaani mto wa msimu. Vifaa vilikuwa panga, glavu za ngozi na pikapu moja ya wazi. Nyapara, mzee wa Kimaasai aliyefanya kazi hapo miaka mingi, alimwambia mratibu asubuhi ya kwanza: "Madam, ukiikata hivyo umeipanda." Maneno yale yalichukuliwa kama manung'uniko ya mtu asiyetaka kusimamia wageni. Hakuna aliyewatafsiria wageni wenyewe.

## Mambo yalivyokwenda

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda kwa kasi. Wageni walifyeka kuanzia juu kushuka chini, mabapa, yaani vile vipande vinene na bapa vya mpungate, yakaruka kila upande, makubwa yakarushwa kwenye pikapu na vipande vidogo vikaachwa. Pikapu ilibeba mzigo hadi kwenye korongo lililokufa umbali wa kilomita 3 hivi, barabara ya mawe na mashimo, bila turubai. Huko mzigo ulimwagwa ukawa chungu, yaani rundo.

Siku ya tano mgeni mmoja alijifuta jasho kwa mgongo wa glavu. Miiba ikaingia kwenye kope na juu ya mboni. Kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na bandeji, dawa ya kidonda na vidonge vya kichwa; dawa ya kusafishia macho haikuwamo. Jicho lilioshwa kwa maji ya chupa, akapelekwa Nanyuki, daktari akaitoa miiba kwa msaada wa hadubini. Alipona, lakini hakurudi kwenye kazi ile.

Jambo lililofuata halikutazamiwa na yeyote. Nguo za kazi ziliingizwa kwenye beseni moja na mashuka. Miiba ile haitoki kwa maji. Ilihamia kwenye mashuka, ikamchoma mama anayefua na kila aliyelala. Siku mbili nyumba nzima ilikuwa inajikuna.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, ndovu dume alitokea kwenye kichaka akiwa umbali wa mita 40 hivi. Matunda yalikuwa yameiva, upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwa watu, na askari wa wanyamapori aliyetakiwa kulinda alikuwa amepewa panga asaidie kufikia lengo la ekari. Mgeni mmoja alikuwa na vifaa vya muziki masikioni, hakusikia alipoitwa. Pikapu ilikuwa imeelekezwa kichakani, ikabidi igeuzwe. Ndovu alisimama, akatikisa masikio, akaendelea kula. Hakuna aliyeumia.

Mwishoni mwa wiki ya nne ripoti ilisema ekari 2 zimesafishwa, ikiambatana na picha za kabla na baada. Wageni wakaondoka na furaha yao. Mvua za masika zikaanza.

Mwezi Julai nyapara alimpeleka meneja kutembea eneo lile. Kila palipoanguka bapa palikuwa na mche wenye mizizi na machipukizi mapya mawili au matatu. Lile chungu la korongoni lilikuwa limebadilika kuwa kichaka. Ndovu walikuwa wamelichambua kutafuta matunda na kulisambaza zaidi. Kibaya kuliko vyote, barabara ya kilomita 3 ambayo awali haikuwa na mpungate hata mmoja sasa ilikuwa na mstari wa miche pande zote mbili, kila penye shimo palipoitikisa pikapu.

## Maamuzi yaliyofuata

Meneja aliamua mambo matatu kwa mpigo: panga zisitumike tena kwenye mpungate, kundi lililopangwa Septemba liahirishwe hadi mwaka unaofuata, na vibarua 8 wa kijiji cha jirani waajiriwe kuondoa miche ya barabarani kabla haijatoa matunda. Fedha zilitoka kwenye bajeti ya ng'ombe. Uamuzi wa barabara ulitangulia kwa hesabu rahisi: mche wa miezi minne hung'oka kwa mkono mmoja wenye koleo, ule wa miaka miwili unataka sururu na watu wawili.

Kwa vichaka vikubwa waligeukia kochinili, mdudu mdogo ambaye hufyonza utomvu wa mpungate na kuishi hapo hapo. Aina yake inayopenda Opuntia stricta ilikwisha kuachiliwa sehemu za Laikipia chini ya usimamizi wa watafiti katika muongo wa 2010, baada ya kufanya kazi nzuri katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Meneja aliwasiliana kwanza na wataalamu, akathibitishiwa aina ya mpungate alionao, ndipo akapata mabapa yenye wadudu kutoka eneo la karibu. Hatua hiyo ya kutambua aina haikwepeki. Kochinili anayestawi kwenye stricta hashiki vizuri kwenye mpungate wa uani wenye matunda makubwa, na mtu anayepandikiza bila kujua anaweza kungoja mwaka mzima asione kitu.

Programu ya wageni ilirudi ikiwa na kazi tofauti: kuzalisha kochinili kwenye kibanda, kuwasambaza, na kuhesabu.

## Matokeo

Kibanda kilijengwa kwa nguzo, wavu pembeni na paa la mabati yanayopitisha mwanga. Kundi la pili, watu 4, liliendesha mzunguko mzima wa kwanza likisimamiwa na nyapara, ambaye sasa alikuwa analipwa posho ya ualimu. Miche ya barabarani ilimalizwa na vibarua, ingawa kila baada ya mvua wachache huibuka. Kwenye vichaka vilivyopandikizwa, mabapa ya pembezoni yalianza kugeuka manjano na kudondoka ndani ya miezi michache. Vichaka vya katikati vilivyozidi kimo cha mtu vilikuwa bado vimesimama mwaka ulipokwisha, ila havikuzaa matunda kama zamani.

Eneo lililofyekwa mwanzo lina mpungate mwingi kuliko kabla ya kufyekwa. Wingi huo hauwezi kutajwa kwa namba, kwa sababu hakuna aliyehesabu kabla.

## Uchambuzi

### Kwa nini kukata kulishindikana

Bapa la mpungate ni ghala la maji lenye macho ya kuchipua pande zote. Likikatwa halifi; hufunga jeraha lake kwa siku chache, na jicho lolote linalogusa udongo linaweza kutoa mizizi. Kwenye kivuli cha chungu linabaki kijani kwa miezi. Kufyeka kwa panga hugeuza mmea mmoja kuwa makumi ya vipandikizi, na kama kuna mvua mbele, kazi yote inakuwa ya kupanda. Ndivyo nyapara alivyosema kwa maneno manne.

Kuondoa kwa mkono kunawezekana, lakini kwa mimea michache na midogo, tena kwa mpangilio mwingine kabisa. Matunda hutangulia kuchumwa kwa koleo na kutiwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Kisha mmea hukatwa kuanzia ncha kwa koleo na kisu, bapa moja moja, likiwekwa juu ya turubai bila kuguswa na ardhi. Shina hung'olewa na kitako chake kwa sururu. Mtu mmoja hubaki nyuma akiokota vipande, hata vya ukubwa wa kidole. Mzigo wote hufukiwa kwenye shimo palepale, kina cha kutosha kubaki na udongo wa mita moja juu yake, kwa kuwa ndovu hufukua matunda wanayoyanusa. Usafiri ukilazimika, turubai hufunika mzigo na kufungwa pande zote. Eneo hurudiwa baada ya kila msimu wa mvua kwa miaka kadhaa, maana mbegu hungoja udongoni. Ukipiga hesabu ya saa za watu, kusafisha ekari moja yenye vichaka kwa njia hii hakulipi.

### Kochinili, na wapi wageni wanafaa

Kazi ya kibandani ilifaulu kwa sababu ina hatua fupi, inarudiwa kila siku, na kosa la mgeni halisambai. Mabapa safi yaliyokomaa, si machanga ya mwaka huu, hukatwa na kuachwa siku kadhaa kivulini ili jeraha lifunge, ukiyaharakisha yanaoza. Hupangwa yakiwa wima kwenye rafu. Mabapa yenye wadudu hulazwa juu yake ili watoto wa kochinili, ambao hutembea ilhali majike wakubwa hawatembei, wahamie wenyewe. Baada ya wiki 6 hadi 8, kutegemea joto, bapa hufunikwa na utando mweupe kama pamba. Ukiuponda kwa kijiti unatoka wekundu wa damu. Usipotoka, huo si kochinili, na rafu ile inatengwa.

Kusambaza hufanywa wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua kubwa huwaosha watoto kabla hawajajishikiza. Mabapa hubebwa kwenye kreti, tabaka moja tu, na kuchomekwa moja au mawili katikati ya kila kichaka, upande wa kivuli, yakiwa yamebanwa vizuri yasianguke chini. Kundi la pili lilifanya kosa moja hapa: siku mbili za mwanzo waliweka mabapa juu kabisa ya vichaka, ambako jua na nyani waliyamaliza. Lilirekebishwa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulirekebisha.

Kuhesabu ndiko kulikowafaa wageni kuliko kazi nyingine yoyote. Viwanja vya mita 10 kwa 10 viliwekwa alama kwa vigingi vya chuma kwenye kila pembe. Ndani yake mimea huhesabiwa kwa vimo vitatu: chini ya goti, goti hadi kiuno, juu ya kiuno, kisha idadi ya yenye kochinili. Picha hupigwa kutoka kigingi kilekile, upande uleule. Mtu wa wiki 4 anaweza kuifanya vizuri, na kundi lijalo linaendeleza daftari lilelile.

### Usalama

Kundi la kwanza lilinusurika kwa bahati tu. Mpungate wenye matunda mabivu ni chakula cha ndovu, kwa hiyo kwenda kuukata msimu huo ni kwenda mezani kwake. Ratiba mpya inaanza saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi, nje ya msimu wa matunda. Askari hashiki kifaa chochote cha kazi. Kazi yake ni kutazama na kusikiliza. Gari huegeshwa likielekea njia ya kutokea, ufunguo ukiwa mahali pake, na hakuna anayefanya kazi zaidi ya mita 50 kutoka kwalo. Masikio hayazibwi.

Kwa miiba, glavu za ngozi zinadanganya: miiba hujichomeka ndani ya ngozi yake na kuhamia popote glavu inapogusa. Koleo refu na jembe la meno humweka mtu mbali na mmea, glavu ni kinga ya pili. Miwani ya plastiki ya kufunika macho ni lazima. Kwenye ngozi, miiba inayoonekana hutolewa kwa kibano, kisha hupakwa gundi nyeupe ya mbao pamoja na shashi, ikikauka hubanduliwa na kutoka na iliyobaki. Kusugua kwa kitambaa huivunja ndani. Jicho huoshwa kwa maji safi mengi bila kulifikicha, na mtu aende kwa daktari wa macho siku ileile. Nguo za kazi huvuliwa nje na kufuliwa kwenye beseni lake, na aliyezivaa ndiye anayezifua.

### Kibali, fedha na vibarua

Wageni wa kwanza waliingia kama watalii. Ruhusa ya kuingia Kenya kama mtalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata ile isiyo na mshahara, na mwenyeji naye ana hatia. Kundi la pili liliombewa pasi maalumu ya Idara ya Uhamiaji mapema, gharama ikaingizwa kwenye ada.

Swali gumu zaidi lilikuwa la vibarua. Kabla ya wageni, ranchi iliwaita watu wa kijijini kila kiangazi kufyeka vichaka na kutengeneza barabara. Mwaka ule haikuwaita, kwa kuwa "tuna volontia". Wageni 6 waliolipa ili wafanye kazi vibaya waliwanyima kipato watu waliojua kuifanya, halafu watu walewale wakaitwa kusafisha uharibifu. Makubaliano mapya na shirika la ng'ambo yanatenga sehemu ya ada ya kila mgeni kwa vibarua na vifaa, na yanakataza kazi ambayo kijiji hulipwa kuifanya. Shirika lilisita kwanza, likihofia ada kupanda. Lilikubali lilipoonyeshwa picha za barabara.

### Lililobaki

Uamuzi wa kuleta kochinili ulifanywa na meneja na wataalamu, bila kukaa na majirani wa ardhi ya jamii iliyopakana na ranchi. Baadhi yao hukata mabapa, huchoma miiba na kuwalisha mbuzi wakati wa ukame; kina mama wengine hutengeneza jemu na juisi ya matunda. Watoto wa kochinili hubebwa na upepo na hawasimamishwi na fensi. Kikao cha kwanza na wazee kilifanyika miezi mitano baada ya mabapa kuchomekwa, na walichouliza ni fidia ya lishe ya mbuzi. Ranchi ilijitolea kuwagawia majani makavu ya nyasi msimu wa ukame na kuwafundisha vijana wao kuhesabu viwanja upande wao wa mpaka. Sehemu ya pili imekubaliwa. Ya kwanza bado inajadiliwa.